Marais Watano, Nyumba Moja

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini katika ukumbi wa kanisa, Eastlands, Nairobi



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu amelisikia likibishaniwa: ni rais yupi aliyeuendesha uchumi wa nchi hii vizuri kuliko wenzake? Ubishi huu haukosekani mitaani kwetu. Utausikia kwa kinyozi pale Jericho, utausikia ndani ya matatu iliyokwama katika barabara ya Jogoo, utausikia Burma watu wakingojea nyama iive. Mmoja atasema kwamba enzi za Mzee Kenyatta shilingi ilikuwa shilingi. Mwingine atasema Moi aliwanywesha watoto maziwa shuleni. Wa tatu atamtaja Kibaki na barabara ya Thika, na hapo sauti zitapanda. Mkisikiliza kwa makini, mtagundua kwamba mara nyingi si uchumi unaobishaniwa. Kinachobishaniwa ni mtu wetu na mtu wao, na takwimu huitwa baadaye, kama shahidi aliyekwisha kufundishwa la kusema.

Ningewaacha watu wajiburudishe kwa ubishi huo kama usingekuwa na gharama. Lakini tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na kura nyingi zitapigwa kwa kumbukumbu hizi zilizopakwa rangi za vyama. Tukipima vibaya tutachagua vibaya, na atakayelipa ni mama anayeuza mboga Kayole.

Tuanze mbali kidogo. Kule Marekani ubishi huu ni wa siku nyingi. Vyama viwili, Democratic na Republican, kila kimoja hujigamba kwamba marais wake ndio walioleta neema. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Alan Blinder na Mark Watson, walichapisha uchunguzi wao kuhusu marais wa nchi hiyo tangu kumalizika kwa Vita vya Pili vya Dunia. Waliona kwamba uchumi ulikua kwa kasi zaidi chini ya marais wa Democratic, na tofauti ilikaribia asilimia 1.8 kwa mwaka. Chama hicho kingeweza kupiga vigelegele na kwenda nyumbani. Lakini wataalamu hao waliendelea kuuliza sababu, wakaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na mambo kama bei ya mafuta, ongezeko la tija na hali ya uchumi wa dunia, wala si ufundi wa serikali katika kodi na matumizi. Kwa maneno mengine, bahati ilikuwa na mkono mrefu kuliko sera.

Hilo la kwanza tulishike. Rais hupewa sifa ya mvua na hulaumiwa kwa ukame, na yeye hakuleta hata kimoja.

Lakini Wamarekani wana nafuu moja ambayo sisi hatuna. Wao wanaweza kulinganisha chama na chama, kwa sababu vyama vyao vina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Sisi tutalinganisha nini na nini? Hebu tazameni orodha yetu. Moi alikuwa makamu wa Kenyatta tangu mwaka 1967. Kibaki alikuwa waziri wa fedha wa Kenyatta katika miaka ya 1970, kisha akawa makamu wa Moi kuanzia 1978 hadi 1988. Uhuru Kenyatta alikuwa waziri wa fedha wa Kibaki kuanzia 2009 hadi 2012. Ruto alikuwa naibu wa Uhuru kwa miaka yote tisa, kutoka 2013 hadi 2022. Wote watano wamepita KANU. Vyama walivyovitumia baadaye, PNU, TNA, Jubilee na UDA, vilizaliwa uchaguzi ukibisha hodi, na baadhi yavyo vimekwisha kuzikwa bila hata matanga. Kwa hiyo mtu anayewaambia kwamba serikali yake ni usiku na mchana na serikali iliyopita, mwulizeni: wewe ulikuwa unaketi wapi hapo jana? Hii ni nyumba moja ambayo watu wake hubadilishana viti.

Sasa tuwatazame kwa zamu, bila chuki na bila sifa za bure, maana wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Katika muongo wa kwanza wa uhuru, uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka. Hilo ni jambo kubwa, na hapa Eastlands alama zake tunaziona kwa macho. Miaka ya 1970 ndiyo iliyotuletea Buruburu. Ndiyo iliyotuletea Umoja, kwa msaada wa fedha za Marekani. Ndiyo iliyoanzisha Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo viwanja 6,000 vyenye maji na mabomba ya majitaka vilikusudiwa watu wenye kipato kidogo, ingawa si wote waliokusudiwa waliobaki navyo. Lakini tuongeze haya. Julai 1975 baridi kali iliiharibu mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa ikapaa duniani kote katika miaka ya 1976 na 1977. Fedha zilizojaa nchini wakati ule hazikutoka Ikulu. Zilitoka kwenye jani lililokauka nchi ya mbali. Tena ndio wakati ambapo chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku mwaka 1969, na J. M. Kariuki, aliyekuwa akikemea pengo kati ya matajiri wachache na maskini wengi, aliuawa Machi 1975. Mwenye kuuliza mkate umegawanywaje hakuachwa aulize.

Kuhusu Moi nitakaa kidogo, kwa sababu enzi yake ndiyo iliyotuzaa sisi wanamageuzi, na kwa sababu ni hapo ambapo uadilifu wa kupima hujaribiwa. Ni rahisi kumlaumu kwa kila kitu. Lakini mshtuko wa bei ya mafuta wa mwaka 1979 hakuuleta yeye. Ukame wa 1984 hakuuleta yeye. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakizuia bei ya kahawa isianguke yalivunjika, na mkulima wa Nyeri akalia bila kosa la rais. Shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililoleta malipo hospitalini mwaka 1989, lilizikumba nchi nyingi za Afrika.

Baada ya kusema hayo kwa haki, sasa tuseme yaliyo yake. Kashfa ya Goldenberg ni ya serikali yake. Serikali ililipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali nchi hii haikuwa na almasi na dhahabu yake ilikuwa kiduchu. Noti zilizomwagwa kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992 ni za serikali yake. Mwaka 1991 dola moja ilinunuliwa kwa chini ya shilingi 30. Mwaka 1993 ilikwisha pita shilingi 60, na mfumuko wa bei mwaka huo ulikaribia asilimia 46. Wako waliosema wakati ule kwamba vyama vingi ndivyo vilivyopandisha bei ya unga. Hapana. Bei ilipandishwa na fedha zilizotumika kuvipiga vita vyama vingi. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti ya kupima kwa haki na kupima kwa chama. Na alipoondoka mwaka 2002, uchumi ulikuwa ukikua kwa karibu nusu asilimia tu, ilhali watu walikuwa wakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 2. Maana yake ni kwamba mwananchi wa kawaida alikuwa akizidi kuwa maskini.

Kibaki aliupokea mgonjwa huyo na kumsimamisha. Kutoka nusu asilimia mwaka 2002 tulifika karibu asilimia 7 mwaka 2007. Januari 2003 milango ya shule za msingi ilifunguliwa, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa darasani wakaingia. Hata wapinzani wake hukubali. Lakini nawaomba mzitazame takwimu za mwaka 2007 na mwaka uliofuata zikiwa zimeketi pamoja. Uchumi uliokua kwa karibu asilimia 7 haukuzuia nchi kuwaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao, na mwaka 2008 ukuaji ukaporomoka karibu na sifuri. Haki ikikosekana penye sanduku la kura, neema ya miaka mitano huteketea kwa wiki chache. Takwimu za uchumi hazina safu ya kuandikia hasira.

Uhuru alipoingia mwaka 2013 deni la taifa lilikaribia shilingi trilioni 1.9. Alipoondoka mwaka 2022 lilikuwa limepita trilioni 8.5. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, barabara zilijengwa, umeme ukasambaa; hatuyakatai. Aliyekuja baada yake akakuta hati za kulipwa. Mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa kwa wawekezaji wa ng'ambo mwaka 2014 ulipaswa kulipwa Juni 2024. Kwa hofu ya siku hiyo dola ilifika karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024. Serikali ya Ruto ikakopa mkopo mwingine, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili kuanza kulipa ule wa zamani, na shilingi ikarudi karibu 130. Je, sifa ya shilingi kuimarika apewe nani? Na lawama ya deni? Mmoja alikopa, mwingine akalipa kwa kukopa, na wote wawili walikuwa wameketi meza moja siku ya kutia sahihi.

Hapa niseme jambo dogo la kuchekesha. Septemba 2014 wataalamu wa takwimu walibadilisha jinsi ya kuhesabu uchumi wa Kenya, na hesabu ilipomalizika nchi ikawa imetajirika kwa asilimia 25. Tukapandishwa cheo, tukaitwa nchi yenye kipato cha kati cha chini. Nadhani hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Lakini sijasikia kwamba usiku ule kuna sufuria yoyote Mukuru iliyoongezewa unga.

Na tukitaja unga, huo nao una historia yake. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, serikali ililipia sehemu ya bei, na pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti hiyo iliyokuwa imepita shilingi 200 ilishushwa hadi 100. Mara zote mbili nafuu hiyo haikudumu. Atakayewapima viongozi kwa bei ya unga ya mwezi wa uchaguzi atakuwa amepima kwa mizani iliyobonyezwa na kidole.

Nageukia sasa sehemu ya pili ya niliyoombwa, yaani mkwamo wa vyama.

Marekani, vyama viwili vikishindwa kukubaliana juu ya bajeti, serikali hufungwa. Ilifungwa kwa siku 21 mwishoni mwa 1995 na mwanzoni mwa 1996. Ilifungwa kwa siku 35 kati ya 2018 na 2019. Mwaka 2025 ilifungwa kwa siku 43, na mamia ya maelfu ya watumishi wa umma wakakaa bila mshahara. Sisi hatujafika huko, lakini tunao mkwamo wetu. Mwaka 2019 Bunge la Taifa na Seneti vilivutana juu ya fedha za kaunti tangu mwaka wa bajeti uanze Julai hadi Septemba, ndipo wakatulia kwenye shilingi bilioni 316.5. Mwaka 2020 maseneta walishindwa mara kumi kuelewana juu ya njia ya kuzigawanya fedha kati ya kaunti. Wakati huo ugonjwa wa Covid ulikuwa umeshika kasi, na hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti. Wauguzi hawakuwa na chama katika ugomvi ule. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Mkwamo mbaya zaidi haukuwa hata wa fedha. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Serikali na upinzani walivutana juu ya nani awateue wateuaji. Mbunge wa Banissa, kule Mandera, alifariki Machi 2023, na watu wake wakakaa bila mwakilishi hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 2025. Katika kipindi hicho chote walitozwa kodi kama sisi. Baba zetu walikuwa na neno kwa kodi isiyo na uwakilishi: waliiita ukoloni.

Na bado, wapendwa, sitawaambia kwamba dawa ya mkwamo ni wakubwa kupatana. Nchi hii imekunywa dawa hiyo mara nyingi. KADU iliingia ndani ya KANU mwaka 1964. NDP ikaingia KANU Machi 2002. Ukaja mkataba wa Februari 2008, na huo nausifu, kwa kuwa ulizima moto na kutufikisha kwenye katiba ya Agosti 2010. Zikaja salamu za Machi 2018, na serikali jumuishi ya Julai 2024. Kila mara tuliambiwa kwamba nchi imetulia. Ni kweli ilitulia. Hata bungeni kulitulia. Deni lililokuwa karibu trilioni 5 katikati ya 2018 lilipanda hadi trilioni 8.5 na ushei katikati ya 2022, na Bunge lililopaswa kuuliza likapandisha kikomo cha deni mwaka 2019, kisha likakipandisha tena mwaka 2022. Mkwamo huchelewesha fedha. Mapatano ya wakubwa huzitumia pasipo mtu wa kuuliza. Sijui ninyi, lakini mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya ndwele hizo, nitachagua ugomvi wa wazi.

Wazee mliopo hapa mnajua kutokuwapo kwa mkwamo kulivyokuwa. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza la jiji la Nairobi na kutuwekea tume, na hadi uchaguzi wa 1992 hatukuwa na diwani hata mmoja tuliyemchagua. Hapakuwa na mabishano, na chama kilikuwa kimoja. Je, mabomba yalitoa maji? Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa watu wakiwamo, na waliopaza sauti walikuwa viongozi wa makanisa, kwa kuwa bungeni hapakuwa na wa kuipaza. Miezi miwili baadaye watu walielekea Kamukunji, uwanja ambao wengi wenu mnaweza kuufikia kwa miguu, wakidai haki ya kubishana na serikali.

Waumini wataikumbuka habari ya Rehoboamu katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Baba yake Sulemani alisifiwa kwa dhahabu. Kama kungekuwa na wachumi zama zile, takwimu zake zingeng'aa. Lakini Sulemani alipofariki watu walikuja kwa mwanawe, na hawakutaja dhahabu. Walitaja nira. Rehoboamu aliwakataa washauri wazee waliomwambia ailegeze, akawasikiliza vijana alioinukia nao, akaahidi kuifanya nzito zaidi. Ufalme ukagawanyika. Nilipomwona Rais, tarehe 26 Juni 2024, akikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha baada ya vijana kuingia bungeni siku iliyotangulia, nilijiuliza kwa nini mambo yalilazimika kufika kwenye risasi na makumi ya jeneza ndipo nira itajwe. Vijana wale hawakuwa wa chama chochote. Walikuwa wameusoma mswada, kifungu kwa kifungu, kazi ambayo wabunge wengi waliopiga kura ya ndiyo hawakuonyesha kuifanya.

Sasa basi, tupime kwa nini? Mimi nina pendekezo. Yako mambo ambayo rais hayawezi: mvua, bei ya mafuta ya dunia, baridi ya Brazil. Tuyatenge. Yako ambayo ameyarithi: deni na reli, shule na magofu. Tuyaandike kwa jina la aliyeyaanzisha. Yanayobaki ndiyo yake: alikopa kiasi gani na kwa masharti yapi, alimtoza nani kodi na kumsamehe nani, alimfanya nini mwizi aliyekuwa karibu naye, na alimfanya nini aliyeuliza. Hayo hayahitaji shahada ya uchumi. Mkaguzi Mkuu wa hesabu hutoa ripoti zake, na Msimamizi wa Bajeti hutoa zake kila robo mwaka, na ni mali ya umma.

Kipo pia kipimo chetu wenyewe cha Eastlands. Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970, chini ya rais wa kwanza. Mwaka 2001, chini ya wa pili, lilitangazwa kuwa limejaa. Wa tatu, wa nne na wa tano wote wamelikuta, na magari ya taka yameendelea kumwaga. Ukuaji wa uchumi umekuwa sifuri, ukawa asilimia 7, ukawa 8, na moshi umeendelea kuingia madarasani.

Kwa mujibu wa sheria, kila mwaka kabla ya Februari kwisha, serikali ya kaunti hupaswa kulikabidhi bunge la kaunti mpango wake wa fedha, baada ya kuwasikiliza wananchi, na makadirio ya bajeti hufuata kabla ya mwisho wa Aprili. Vikao hivyo vya kuwasikiliza wananchi mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wameletwa na diwani. Ninaomba kila kikundi kilichowakilishwa hapa, na kila jumuiya ya kanisa, kichague watu wawili wasio wagombea, tena wasiwe wa chama kimoja, waende na karatasi yenye maswali matatu: mwaka jana wadi yetu ilipangiwa shilingi ngapi, zimetumika ngapi, na zilizobaki ziko wapi. Majibu yaandikwe na yasomwe kanisani Jumapili inayofuata, baada ya matangazo ya ndoa. Karatasi na kalamu ziko pale mlangoni. Andikeni majina kabla hamjaondoka.